Arobaini na moja kiganjani

Novemba ya mwaka juzi yaliingia makontena manne ndani ya wiki mbili, na stoo tulikuwa watu watatu. Mwenye funguo ni mimi, kwa hiyo kila siku nilifunga wa mwisho. Nikajumlisha kwenye daftari: saa 41 za ziada. Mshahara ulipoingia, ulikuwa uleule wa siku zote, kama vile makontena yalijishusha yenyewe.

Shemeji yangu kazini kwao ni mwakilishi wa wafanyakazi. Akanipigia hesabu pale pale tukila. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki. Zikizidi, kila saa inalipwa mara moja na nusu. Mshahara wa mwezi unaugawa kwa 4.333 upate wa wiki, halafu unagawa tena kwa 45. Wangu wa 390,000 unatoa 2,000 kwa saa, ya ziada 3,000. Mara 41, ni 123,000.

"Taja namba kwanza," akasema. "Ukianza na maneno, umekwisha."

"Huyu akimwona mzee anasahau hata jina lake," mama watoto akadakia. "Andika mahali."

Nikaandika kiganjani, 41, kubwa, kwa peni yangu inayovuja. Kwenye daladala nilifanya mazoezi midomo ikichezacheza, mpaka konda akaniuliza, "Braza, unashuka au unasali?"

Wenzangu wawili walinisindikiza hadi mlangoni kwa mzee, wakajibanza nyuma ya maboksi ya marumaru. Saa zao nao zilikuwa zinanitegemea mimi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu!" Akanipa mkono. Sasa mzee huyu akikupa mkono hauachii. Nyumbani wazima? Salama, mzee. Mama watoto? Salama. Watoto? Salama. Mguu wa baba? Salama, mzee, anatembea. Kila "salama" ilikuwa inanidondoshea hoja moja chini. Utamdai vipi pesa mtu ambaye umeshamhakikishia mara nne kwamba huna tatizo lolote duniani? Na jasho lilikuwa linatiririka mpaka kwenye vidole.

Hatimaye akaniachia, akanyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai, akasita. Akakiangalia kiganja chake. Pale katikati, kwa wino wa bluu, palikuwa na namba. Ila wino ukihamia kiganja cha pili unageuka kama kwenye kioo.

"Kumi na nne?" mzee akasoma.

Hapo ndipo palikuwa pahali pake. Ilibaki sentensi moja tu: si kumi na nne, mzee, ni arobaini na moja, nazo ni saa. Nilikuwa nayo, nimeisema njia nzima mbele ya abiria. Mdomo ukafunguka, ukasema:

"Ndiyo, mzee."

Akasimama. Naapa machozi yalimlengalenga. "Dada!" akamwita mhasibu chumba cha pili. "Njoo uone! Kadi zimetoka wiki nzima watu wananikwepa kwenye korido, huyu kijana ameandika tarehe ya harusi ya binti yangu mkononi!"

Harusi yenyewe ndiyo kwanza naisikia.

Mhasibu akaja na bahasha. Kadi ya mchango, karatasi inang'aa, maua pembeni: singo 50,000, dabo 100,000. Wote wawili wakaniangalia kwa upendo. Mtu aliyeandika tarehe kiganjani anawezaje kujaza singo? Nikajaza dabo. Mzee akaniongezea na cheo, kamati ya vinywaji, maana aliyekuwepo alikuwa haaminiki na bia.

Nikatoka. Vichwa viwili vikachomoza juu ya marumaru.

"Ametoa?"

"Nimetoa."

"Umetoa nini?"

"Laki."

Mama watoto nilimweleza usiku, taa ikiwa imezimwa. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza kama dabo maana yake na yeye anakwenda. Nikasema ndiyo. Akauliza sare ni rangi gani.

Tarehe 14 Desemba, saa nne usiku, nilikuwa nyuma ya ukumbi nahesabu chupa. Mama watoto alikuwa mbele, kitenge kipya, anacheza. Mzee akanijia na suti yake, amechangamka, akanishika mkono ule ule. Nikaona leo ndiyo leo. Mtu ana furaha, muziki mkubwa, hakuna mhasibu karibu. Nikavuta pumzi, nikaanza na namba kama nilivyofundishwa.

"Mzee, zile arobaini na moja..."

"Zimebaki arobaini na moja tu?" Akashtuka, akageuka kuangalia meza za wageni. "Kijana wangu, kimbia gari lile pale, teremsha kreti nne za soda kabla hawajagundua."

Nikaenda kuteremsha.