Mshenga na Kanga Nyekundu

"Shemeji, njoo na vifaa vyako, kanzu imeiva!"

Nikadhani kaiunguza na pasi. Nilipofika uani nikaikuta kwenye beseni, imeiva kweli, waridi kuanzia kola hadi pindo. Dada yangu kasafiri, bwana kaloweka kanzu ya melimeli nyembamba, fulana na kanga mpya nyekundu pamoja, kisha huyo, mpirani hadi magharibi. Na kesho yake saa nne ndiye mshenga, anapeleka mahari.

Kanga mpya ina rangi ya ziada ambayo haikushika kwenye uzi. Kwenye maji mengi inachuja na kwenda zake. Ila nguo zikibanana kwenye maji kidogo kutwa nzima, rangi hiyo inahamia kwenye pamba nyeupe iliyo jirani. Kuipima ni dakika moja tu: lowesha pindo, lifunike kwa kitambaa cheupe, pitisha pasi ya moto. Kitambaa kikipata rangi, kanga hiyo ifuliwe peke yake.

Washauri walikuwa wameshanitangulia. Bibi wa chumba cha pili alikuwa na kikombe cha chumvi mkononi. Nikakidaka! Chumvi ndiyo mafundi hutia kwenye sufuria ili rangi iingie kwenye pamba. Angeimwaga, angekuwa anaisaidia kanga kumalizia kazi. Mwingine kaja na siki. Siki ina kazi kwenye hariri na sufu, pamba haina habari nayo. Wa tatu, jiki. Kola ilikuwa na tarizi ya hariri, na jiki huila hariri.

Nikaisuuza kwa maji baridi hadi yakatoka meupe, kisha ndoo nzima ya lita 20 ya maji ya moto na sabuni ya unga, kanzu peke yake, nakoroga kwa mwiko wa ugali. Ikabaki waridi ya mbali. Nikaomba haidrosi, unga wa kuondoa rangi, kwa jirani anayetengeneza batiki: vijiko viwili vya chakula kwa lita 10 za maji ya moto, glavu mkononi, palepale nje, maana harufu yake ni ya kiberiti na inakaba koo. Robo saa, kanzu nyeupe.

Fulana sasa. Bibi alishaianika kwa huruma yake, na rangi ikishakauka haitoki kirahisi. Shemeji akasema itakaa ndani, nani ataiona?

Melimeli, jamani, na jua la saa nne! Wenyeji wetu walikuwa na sare ya waridi. Shangazi wa bibi harusi akamtazama kifuani, akageukia wenzake: "Kumbe hata mshenga kalipia sare?"