Kumwona Punda si Bure

Nataka kununua punda, na Amu nzima, mji wetu wa Lamu, inaniambia neno moja: nenda kamwone tu, kuona ni bure. Wasemao hivyo nauli hawatoi wao. Kuona bure ni kuona mwezi. Punda huyu yuko bara, ushuke Mokowe kisha ushike njia ya Mpeketoni mpaka makalio yafe ganzi. Hapo kuna boti, kuna bodaboda, kuna chakula cha mchana, na kuna shemeji yangu, ambaye ndiye aliyeleta habari hii na ambaye hasafiri bila kula mara mbili.

Halafu ukishafika, wewe si mtazamaji tena. Unawekewa chai. Mzee wa nyumba anakuuliza hali ya watoto mmoja mmoja. Punda analetwa, anakutazama kwa yale macho yao ya kudai deni. Sasa thubutu kusema, "Asanteni, nimeshaona." Urudi mikono mitupu, na pale jetini kila nahodha akuulize punda yuko wapi! Sitaki. Shauri hili linakatwa hapa hapa barazani, kwenye simu, kabla shilingi haijatoka.

Tangazo lenyewe ni hili: punda dume, mpole sana, hana tatizo, elfu saba. Mjini kwetu ukitaja elfu saba wanakuuliza unataka miguu ya mbele au ya nyuma.

Picha zimekuja tatu. Ya kwanza kichwa kitupu, masikio wima, sura ya heshima. Sawa, lakini mimi simkatii pasipoti. Ya pili punda kasimama kwenye nyasi zinazomfika magotini. Bara yote ile imekosa kiwanja kikavu cha kupigia picha? Amewekwa pale kwato zisionekane, na punda ni kwato! Zisipochongwa hurefuka zikajikunja mbele kama viatu vya sultani, na mnyama wa namna hiyo ukimleta kwenye vichochoro vyetu utambeba wewe pamoja na mchanga wake. Picha ya tatu kafunikwa gunia mgongoni. Saa saba ya mchana, jua limesimama utosini, punda anasikia baridi? Chini ya lile gunia kuna vidonda vya shogi, ule mfuko wa kubebea mizigo mgongoni. Sihitaji boti kuliona hilo.

Na hilo "hana tatizo" ndilo linaloninyima usingizi. Punda gani amewahi kutaja tatizo lake? Farasi akishikwa na tumbo hujitupa chini akagaagaa, mtaa wote ukajua. Punda hunyamaza. Husimama pembeni, kichwa chini kidogo, chakula anakinusa tu, nawe unamsifu kwa adabu. Nenda hospitali ya punda pale ufuoni, wapo tangu 1987 na wanatibu bure, uone wanaoletwa wamechelewa kwa sababu mwenyewe alidhani mnyama wake katulia. Basi "mpole" ningeimeza. Hiyo "sana" imenikwama kooni.

Nikauliza umri. "Bado kijana." Kijana! Hata mimi kwenye mikutano ya siasa naitwa kijana. Nikamwambia nitumie picha ya meno, maana meno hayana maneno mengi: ya mbele yale ya kati hubadilika akiwa na miaka miwili na nusu hivi, ya pembeni yanafuata, na akifika mitano kinywa kimekamilika. Baada ya hapo unatazama yalivyolika na yalivyolala mbele. Kabla ya miaka minne mgongo haujakomaa, na uzeeni, jamani, hawa wakitunzwa wanapita thelathini, kwa hiyo unaweza kuuziwa mzee wa kumlea. Picha ikaja. Muuzaji mwenyewe kacheka, punda yuko nyuma, kinywa kimefungwa. Meno ya bwana yule ni mazima, nampa miaka arobaini.

Na mzigo unanisubiri. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50, na wataalamu wanasema hapo ndipo kikomo cha punda wa kawaida. Fundi wangu anasema huo ni mzigo wa paka. Yeye anataka mifuko miwili na mchanga juu, halafu akikuta punda kalala njiani ananitazama mimi.

Ila hayo yote ni ya mwili, yanatibika. Linalonitisha ni bei. Tangu 2016 vichinjio vya punda vilipofunguliwa hapa Kenya, ngozi ikienda China kutengenezwa dawa ya ejiao, watu walikuwa wanalala na punda wanaamka na kamba. Serikali ikapiga marufuku 2020, mahakama ikatengua 2021, na mwaka 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuizuia biashara hiyo ya ngozi bara zima. Sasa katika dunia hiyo mtu ana punda mzima, kijana, mpole sana, anamtoa kwa elfu saba. Kwa nini unauza, bwana? "Nasafiri." Nchi hii kila anayeuza kitu anasafiri. Sijui huko waendako wanaenea vipi.

Nikauliza kama ana mwenzake, maana punda hushikana urafiki, ukimtenga anaweza kususa chakula mpaka akaugua. Akajibu mwenzake yupo na atalia sana, basi nichukue wote wawili.

Na hapa ndipo nilipoanza kumwogopa punda mwenyewe. Kila nikiuliza swali, bei inashuka. Niliuliza kwato, ikawa sita. Nikauliza gunia, ikawa tano na nusu. Sijaomba kupunguziwa hata mara moja! Nilipotaja barua ya chifu kuonyesha punda ni wake, ikashuka mpaka tatu, na kamba bure.

Shemeji karuka na kofia yake: "Tatu! Bado umekaa? Twende tukaone tu!" Nikamwambia vizuri kabisa, nimekubali, twende kesho kwa boti ya asubuhi, ila nauli zote mbili na chakula atoe yeye, maana kuona ni bure. Simu yake tangu hapo haipatikani.