Msifukize Udi Kuficha Unyevu

Khalati yangu na wanawe wanauza nyumba. Ni nyumba ya mawe, mtaa wa Mkomani, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Watoto wote wako Mombasa, na magoti yake hayataki tena zile ngazi. Sisi watoto wa dada yake, tuliobaki hapa Lamu, au Amu kama tuitavyo wenyewe, ndio tuliopewa kazi ya kuiandaa kabla wanunuzi hawajaanza kupiga hodi.

Mtu wa kwanza kuja kutushauri alikuwa dalali. Alizunguka kwa dakika kumi, akatoka na maagizo: bambueni lipu ya zamani, pigeni simiti, pakeni rangi nyeupe ya plastiki ili picha zing'ae. Na siku ya mnunuzi fukizeni udi mapema, maana msana wa chini, ule ukumbi mrefu, unanuka unyevu. Alisema kwa nia njema, na ushauri huu unatolewa mji mzima. Mimi naona ni ushauri mbaya, kwa mnunuzi na kwa nyumba yenyewe, na nitaeleza kwa nini.

Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa kama nusu mita. Jiwe hili lina vitundu, linanyonya maji na kuyatoa. Lipu ya chokaa inayaacha maji yale yapumue yatoke nje. Ukiifunika kwa simiti, kisha juu yake ukatia rangi ya plastiki, umeufunga ukuta mdomo. Maji hayaondoki. Yanapanda, yanabeba chumvi, na chumvi ikikauka nyuma ya lipu inaisukuma mpaka inavimba na kuanguka vipande vipande. Nani hapa Amu hajaiona nyumba iliyopakwa rangi wakati wa kaskazi, ikapita masika moja tu, ukuta ukawa na malengelenge kama mtu aliyeungua?

Basi kabla ya kununua rangi nilikwenda kuutazama ukuta wa msana. Nilibonyeza lipu kwa kidole gumba, ikashuka kama unga. Nikaonja: chumvi. Ukutani palikuwa na alama ya rangi ya chai, pana juu na nyembamba chini. Khalati alikuwa amekaa kitini, ananitazama. Akaniambia kwamba maji hayafichiki: "Mai hayafitwi, mwanangu. Utaziba hapa, yatatoka ukuta wa pili."

Nikaifuata alama ile kwenda juu. Ghorofani ilipita nyuma ya kabati, ikaingia kwenye dari. Nikapanda mpaka paani, na huko nikakuta chanzo: mlizamu, ile njia ya kutolea maji ya paa, umezibwa na majani ya mwarobaini na vijiti vya kunguru. Mvua ikinyesha maji yalisimama juu ya paa, yakatafuta njia yake, na njia yaliyoipata ni vichwa vya boriti, pale zinapoingia ukutani. Boriti mbili nilizichoma kwa bisibisi, ikaingia mpaka kwenye mpini.

Hapo ndipo maandalizi yetu yalipoanza hasa. Fedha zilizotengwa kwa rangi zikamlipa fundi mzee anayejua kazi ya chokaa. Alibadilisha zile boriti mbili, akaziba paa, akazibua mlizamu. Kisha akatukataza kugusa ukuta wa chini kwa mwezi mzima. Madirisha wazi, kabati mbali na ukuta, basi. Ulipokauka ndipo alipopiga lipu mpya, kwa chokaa aliyokuwa ameiloweka siku nyingi. Sasa msana haunuki kitu. Ukitaka kufukiza udi, fukiza kwa ajili ya mgeni kama tulivyozoea, lakini usikifanye chetezo kuwa pazia.

Wako watakaosema mnunuzi wa leo hajali haya, anatazama picha kwenye simu. Picha zitamleta mpaka mlangoni, sawa. Lakini anayetoa fedha za kununua nyumba ya mawe haji peke yake. Anakuja na fundi wake, na fundi yule hatazami rangi, anagonga ukuta. Akiona simiti mbichi chini ya ukuta wa zamani, swali lake la kwanza litakuwa: mnaficha nini? Ndugu yangu mmoja wa mtaa wa Langoni alikwama hapo hapo. Bei ilishakubaliwa, ikanyesha mvua siku tatu, mnunuzi akarudi kuitazama nyumba mara ya pili na hakuonekana tena.

Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ndiyo iliyoweka upana, karibu mita tatu na si zaidi. Kwa hiyo vyombo vikijaa, chumba kinasongwa. Tulitoa friji mbovu, magodoro matatu na masanduku ya marehemu, na mwanga wa kiwanda, yaani ua wa ndani, ukafika mpaka ndani. Saa nne asubuhi ndiyo saa nzuri ya kumleta mtu, jua likiwa limeshaingia kiwandani na joto halijawa kali.

Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ndizo zilizonichukua siku nyingi, na sijutii hata moja. Mmoja wetu alipendekeza vitu vya khalati viondolewe, viwekwe vyungu vya kununua ili vipendeze. Nilikataa. Nilivishusha vitu vyake kimoja kimoja, kibuyu cha marashi, sahani mbili za bibi yake, miwani, nikavifuta. Nikagundua kwamba mapambo yaliyochongwa kwenye lipu kuzunguka zidaka yalikuwa yamezikwa. Kila Ramadhani kwa miaka na miaka mtu alipaka chokaa juu ya chokaa, mpaka michongo ikajaa ikawa kama uvimbe. Fundi akanipa kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha. Nilikwangua pembe moja taratibu, tabaka baada ya tabaka, na asubuhi ya pili likatokea ua, petali zake nane, makali yake bado yako kama lilivyokatwa. Khalati alilipapasa kwa kidole. Ameishi na ukuta ule toka alipoolewa na hakuwahi kuliona. Je, ningefuata maagizo ya kupaka tena, si ningelizika mara nyingine?

Na mlango. Wameshakuja watu wawili kutaka kununua mlango wa nakshi peke yake, kabla nyumba haijauzwa. Msikubali. Mji huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inalinda vitu hivi. Ukitaka kubomoa au kubadilisha nyumba ya mji wa kale, kaulize kwanza ofisi ya Makumbusho. Mnunuzi naye aambiwe hayo mapema, asije akadhani amenunua uhuru wa kuweka madirisha ya alumini.

Karatasi ziandaliwe sawa na kuta. Nyumba ya urithi ina wenyewe wengi: khalati ana thumuni yake, wanawe wana mafungu yao, na wote lazima waridhie kwa maandishi. Kama mirathi haijapita kwa kadhi, anzeni huko, si kwa dalali. Mnunuzi asiye raia wa Kenya, na hapa wako wengi, kwa Katiba ya 2010 hawezi kupewa ardhi zaidi ya miaka 99, kwa hiyo wakili wake atachimbua kila kitu. Na muuzaji akumbuke kodi ya faida ya mauzo, asilimia 15 tangu Januari 2023, asije akagawa fedha ambazo si zake.

Lakini lililo karibu zaidi na moyo wangu ni huyu mama aliyemo ndani. Nyumba za Amu zilijengwa mgeni aishie dakani, kibaraza cha mlangoni, au sabule, chumba cha wageni, na kadiri unavyoingia ndivyo unavyokaribia sitara ya wenye nyumba. Siku moja dalali alileta watu watano bila kutoa habari. Mmoja aliingia mpaka chumba cha ndani akapiga picha kitanda cha khalati, na yeye bado hajajifunga leso vizuri. Hakusema kitu. Jioni hakula.

Tangu siku ile tumeweka utaratibu wetu, na dalali asiyeutaka aende kwingine. Habari itolewe siku moja kabla. Watu wasizidi watatu. Wakae kwanza barazani dakani, wapewe kahawa, waelezwe nyumba, mmoja wetu awatangulie. Picha ndani ni kwa idhini ya khalati, na ukuta uliotengenezwa tunauonyesha wenyewe: hapa palivuja, hizi boriti mbili ni mpya, ya tatu ni nzima, gonga ukitaka. Mama mmoja kutoka Nairobi alikuja wiki iliyopita, akagonga kweli, akakaa na khalati saa nzima akimuuliza maji ya birika, lile tangi la kuhifadhia maji, hukaaje bila mbu. Khalati akamwonyesha wale samaki wadogo mle ndani.

Bado hajatoa jibu. Jumamosi anakuja mtu mwingine na fundi wake, na mawingu yameanza kukusanyika upande wa Shela. Kesho baada ya alasiri napanda paani na ufagio. Mwarobaini wa jirani umeshaanza kupukutisha majani tena.