Bastola ya kiunoni: uchukue yenye sefti ama isiyo nayo?

Binamu yangu amepata cheti chake cha kumiliki bastola juzi baada ya kuzungushwa wee mpaka akachoka, na kabla hata hajasherehekea akanipigia simu, "bro, nichukue Ceska ya sefti, kile kiswichi cha kuzuia isifyatuke, ama Glock 19?" Nikamwambia hilo swali limevunja urafiki wa watu wengi pale renji, uwanja wa kupiga shabaha. Tuliongea karibu saa nzima, na hii ni ile stori yetu nimeipanga kidogo.

Kwa wenye hawajashika zote mbili. Glock haina kile kisefti cha kusukuma na kidole gumba. Ilitoka Austria, jeshi lao likaikubali 1982, na sefti zake ni tatu, mbili zimefichwa ndani na moja ni ule ulimi mdogo uko katikati ya triga. Ukivuta triga inalia, usipovuta hailii, basi. Triga yenyewe inataka nguvu ya kama kilo mbili na nusu. Ceska sasa, na hapa Kenya ukisema Ceska mtu anafikiria zile za polisi, ukoo wa CZ 75, hiyo iko na nyundo, kile chuma cha kugonga, nyuma inaonekana na sefti pembeni. Unaikoki, yaani unaingiza risasi na nyundo inarudi nyuma tayari, unapandisha sefti, unaibeba hivyo hivyo, ukiitaka unashusha na gumba ukiwa unaitoa.

Wanaopenda sefti wako na hoja moja mimi siwezi kuipinga. Risasi za bahati mbaya hazitoki tu mtu akichomoa, zinatoka pia akirudisha. Umemaliza, umetulia, unasukuma bastola kwa holsta, ule mfuko wa kuibebea, bila kuangalia, kumbe pindo la tishati ama kile kikamba cha jaketi kimeingia mahali pa triga, na wewe unazidi kusukuma tu. Paja limeenda. Sefti ikiwa juu hapo umeokoka. Na kwa bunduki ya nyundo unaweza kuweka gumba juu ya nyundo ukirudisha, ikianza kusonga unaisikia kabla mambo hayajaharibika. Glock haikupi hiyo onyo.

Hata jeshi la Marekani lilipotafuta bastola mpya lilisema lazima iwe na sefti ya nje. SIG P320 ikashinda Januari 2017, lakini raia wa kule wengi waliuziwa hiyo hiyo bila sefti. Halafu Agosti mwaka huo huo SIG wakatangaza watarekebisha bure zile za raia kwa sababu ikianguka kwa pembe fulani ilikuwa inaweza kujifyatua, na dawa ikawa kipande cha triga chenye uzito mdogo na kubadilisha vitu vya ndani. Nilimwambia binamu ashike hapo vizuri, sefti ya gumba na usalama wa kuanguka ni mambo mawili tofauti, muuzaji akikuchanganyia hayo jua anataka tu kuuza.

Sasa upande wa pili. Uko kwa jam, mkanda wa gari umekubana, pikipiki imesimama kwa dirisha na jamaa wa nyuma ameshatoa chuma. Mikono inatetemeka. Kama hujashusha hiyo sefti mara elfu moja kwa mazoezi, gumba halitakumbuka, utavuta triga na hakuna kitu kitatokea, na hiyo sekunde hakuna mtu atakurudishia. Na sisi wengi ukweli ni kwamba hatufanyi mazoezi ya kutosha, risasi ni ghali na huwezi kununua vile unataka. Halafu kama wewe ni wa mkono wa kushoto, CZ 75 ya kawaida sefti iko upande mmoja tu na sio wako.

Kuna watu wanasema basi ibebe chemba, pale risasi inakaa tayari kupigwa, ikiwa tupu, ukitoa ndio unakoki. Waisraeli walifundishana hivyo miaka mingi na wako na njia yao ya kuifanya haraka. Sawa, lakini hiyo inataka mikono miwili, na kwa ile stori ya gari mkono mmoja uko bize na mkanda ama unasukuma mtu.

New York walijaribu njia yao. Polisi wao walipewa Glock yenye triga nzito ajabu, karibu kilo tano na nusu, ndio mtu asifyatue kwa bahati mbaya. Agosti 2012 nje ya Empire State Building polisi wawili walipiga risasi 16 wakimkabili mtu aliyewaelekezea bastola, wapita njia tisa wakaumia, wengine kwa vipande vya risasi. Watu wengi walilaumu ile triga, kwamba ukiivuta kwa nguvu hivyo mtutu unatoka kwa shabaha. Mimi sio kwamba naiwekea triga yote, barabara ilikuwa imejaa na mambo yalienda mbio, lakini inaonyesha usalama ukiuongeza mahali pamoja unaweza kuulipia mahali pengine.

Kitu kingine watu hawakisemi ni usafishaji. Glock inataka uvute triga ndio uifungue. Mtu ametoa magazini, amesahau chemba iko na moja, anavuta, ukuta umetoboka, na hiyo ni kama ukuta peke yake ndio uko mbele. Ceska ya zamani nayo iko na yake, ukitaka kuibeba nyundo ikiwa chini lazima uvute triga huku umeshikilia nyundo na gumba, juu ya risasi ya moto, na vidole viko na jasho. Hiyo mimi siipendi kabisa. Ndio maana naona zile zenye kishusha-nyundo, kiswichi cha kuteremsha nyundo bila kufyatua, ziko na akili zaidi, kama CZ P-07, unaweza kuweka kishusha-nyundo ama sefti mahali pale pale, na triga ya kwanza ni ndefu na nzito, za kufuata ni nyepesi.

Kwa hivyo binamu nilimwambia hivi. Yeye ako na watoto wawili wadogo, renji ataenda labda mara moja kwa mwezi akijitahidi, na anavaa tishati kila siku. Achukue yenye triga ya kwanza nzito na aachane na sefti ya gumba. Mimi nabeba Glock 19, ila holsta yangu ni ngumu, imefunika triga yote, na naiangalia kwa macho kila nikirudisha, hata kama nitaonekana mshamba. Akaniuliza holsta kama hiyo ni pesa ngapi. Nilipomwambia akanyamaza, halafu akasema ile ya kitambaa ya rafiki yake itamtosha kwanza. Hapo ndio tulianza kubishana upya.