Nimekuta Matanga Yangu

Nilipotimiza miaka 70 nilitaka sura yangu ibaki kwenye shaba, kama walivyofanya wachapaji wa zamani. Jinja, hapa Uganda, ndiko shaba ya mgodi wa Kilembe ilikokuwa ikiletwa kwa treni kuyeyushwa, lakini mimi, mkazi wa Walukuba, mtaa wa Jinja hiyohiyo, bamba nililisaka mpaka Kampala!

Nikalipaka nta na lami, nikakaa mbele ya kioo na sindano. Pale sindano inapokwangua ndipo dawa, yaani asidi, inapopata kula shaba, na ukiiacha sana mstari unachimbika, unanywa wino kupita kiasi. Chini nikaandika jina langu na "1953 – 2023", yaani mwaka niliozaliwa na mwaka wa kazi. Bamba likichapwa kila kitu hugeuka, kwa hiyo niliandika kinyumenyume. Rembrandt mwenyewe, yule mchoraji maarufu wa Uholanzi, ujanani, 1629, aliwahi kujichora hivi na herufi za jina lake zikatoka kinyume. Zangu zilitoka safi, mtoto wa darasa la pili angezisoma.

Mjukuu nilimwagiza atoe bamba kwenye dawa baada ya nusu saa. Sasa, siku hiyo Arsenal walikuwa wanacheza. Alipokumbuka, makunyanzi yangu yalikuwa yamekuwa mitaro. Tukachapa hivyohivyo, akatoka mzee aliyeugua mwaka mzima. Kijana akazianika nakala kwenye kamba ya nguo, ile inayotazama barabara, mimi nikapanda boda kwenda mjini kutafuta wino.

Narudi, nakuta uani pamejaa. Viti vya kukodi, sufuria la maharage linachemka, moto wa matanga umewashwa mchana kweupe. Mwenye boda akauliza nani amefariki. Wakamwonyesha kamba. Akaitazama picha, akanigeukia, akaondoa pikipiki hata nauli hajadai.

Mjukuu, ambaye angewaambia ukweli, alikuwa ametoka tena kwenda kutazama marudio.

Nikasimama nyuma ya watu. Mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, alikuwa na daftari la mabugo, michango ya msiba, anaandika. Mbele yangu wawili wanachambua kazi yangu:

"Ugonjwa ulimla. Ona mashavu."

"Na alivyoficha! Juzi si tulikuwa naye kwenye pombe ya malwa?"

Laiti herufi zingegeuka kama za Rembrandt, nani angeisoma ile miaka?

Mwenyekiti akatangaza: anayemdai marehemu ajitokeze sasa, asije akasumbua familia baadaye. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta akainuka, kofia mkononi, sauti ya kilio.

"Marehemu alikuwa na laki mbili zangu."

"Laki mbili zipi?" nikauliza.

Muuza mandazi mmoja akatupa beseni, akakimbia. Viti vikaanguka. Jirani peke yake hakukimbia. Aliniangalia, akaangalia picha, akavaa kofia yake.

"Basi," akasema, "nimemsamehe marehemu."