Historia ya Pampu Moja ya Maji

Mjomba alinikabidhi pampu ya maji ndani ya kiroba cha sukari, akaniambia maneno manne tu: "Tafuta inayofanana na hii." Nilikuja kulitii agizo hilo kuliko alivyotarajia.

Ilikuwa Morogoro, mwaka 1996. Pampu ilikuwa ya Bedford J, lori ambalo Waingereza walianza kulitoa mwaka 1958 kiwandani Dunstable, na ambalo mjomba alilinunua baada ya wenye akili zao kumalizana nalo. Pampu ilikuwa na ufa. Ufa ulikuwa umechomelewa kwa brasi, na brasi ilipochoka, mjomba akaukandika kwa sabuni ya mche. Sabuni ni dawa ya tenki la mafuta linalovuja. Kwenye maji haikai, na hilo kila mtu analijua isipokuwa mjomba. Ndiyo maana Bedford ilikuwa ikiingia stendi inatoa povu mdomoni kama mbwa mwenye kichaa, na watoto wanashangilia.

Nikaenda kwenye yadi moja ya kuchinja malori, nje kidogo ya mji. Mzee mwenye yadi alikuwa amekaa chini ya mwembe, kwenye kiti cha dereva kisicho na lori.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Umeleta mgonjwa?"

Akaitoa pampu kirobani, akaipima uzito mkononi, akamkabidhi kijana wake. "Nenda nayo nyuma ukalinganishe." Halafu akanigeukia. "Umesoma wewe?"

Nikamjibu kwa majivuno kwamba nimemaliza kidato cha sita, na somo langu nilipendalo ni historia.

Hapo nilijimaliza mwenyewe.

Akaanzia Kongwa, 1947. Vita vimekwisha, Waingereza hawana mafuta ya kupikia, serikali yao ikaamua karanga zilimwe Afrika, ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Matrekta wakayaokota kwenye mabaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, mengi yakafika hoi. Yalipokuwa hayatoshi wakachukua vifaru vya Sherman, wakavivua mizinga na mabamba, wakavigeuza matrekta na kuviita Shervick. Mzee alisimama kabisa kunionyesha jinsi mashine mbili zilivyoburuta mnyororo wa nanga ya meli ili kuangusha pori. Nanga ya meli, Ugogoni! Kisha kiangazi kikaufanya udongo saruji, mibuyu ikavunja majembe, na Januari 1951 serikali ikaachana na mradi, zaidi ya pauni milioni 36 zikiwa zimepotelea vumbini. Mzee aliapa kwamba karanga zilizovunwa hazikufikia hata mbegu zilizonunuliwa. (Na kongwa ni ule mti wa kuwafungia watumwa shingoni. Wangemuuliza Mswahili mmoja tu kabla ya kushusha mashine.)

"Chuma chote kile, kijana, unadhani kilikwenda wapi?"

Nyuma ya banda nilisikia brashi ya waya ikisugua kitu. Sikujali. Nilitaka kujua chuma kilikwenda wapi.

Badala ya kunijibu akarukia Novemba 1965. Ian Smith, kiongozi wa walowezi, amejitangazia uhuru kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na Zambia iliyokuwa ikipitishia mafuta huko imekosa njia. Malori yakaanza kutoka Dar es Salaam na mapipa, yakirudi na shaba, kwenye barabara ya vumbi ambayo mvua ikinyesha inageuka mto. Wazungu wakaiita Njia ya Jehanamu. Yeye alikuwa utingo kwenye Fiat yenye tela. Lori lililotumbukia korongoni Kitonga, wiki ya pili yeye na wenzake walikuwa wamelishukia na spana. Neema hiyo ilidumu mpaka bomba la mafuta la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968. Alilitaja bomba lile kwa uchungu, kama mtu anayemtaja mwizi wa mke wake.

Nyuma ya banda palikuwa pameanza kunuka rangi.

Kijana akatokea na pampu inang'aa kama sufuria ya harusini. Nikaigeuza. "Mzee, mbona hii nayo ina kovu la brasi hapa ubavuni, kama ya kwetu?"

"Zote za Dunstable zina hilo kovu," akasema. "Ukiona Bedford haina, ikimbie."

Alitaka 35,000. Nikabishana naye kama mtu mzima. Mwishowe tukakubaliana 22,000, kwa sharti kwamba ile mbovu yetu nimwachie. Nikamwachia! Nikaondoka nikijiona nimemwibia mzee wa watu.

Nyumbani pampu iliingia bila kusukumwa. Kila tundu la bolti lilikaa mahali pake. "Mpwa wangu una jicho," mjomba akasema, na mimi nikatazama chini kwa unyenyekevu, viganja vyangu viking'aa kwa rangi ya fedha ambayo haijakauka.

Tukawasha. Dakika ya kwanza, kimya kizuri. Dakika ya tatu rangi ya fedha ikaanza kububujika ubavuni, halafu ikatoka povu, povu la haki, likashuka kwenye bampa mpaka chini. Mke wa mjomba, aliyekuwa anaanua nguo, akasogea, akanusa.

"Hiyo si sabuni yangu?"

Mjomba hakunitukana. Alivaa shati lake la kuendea mahakamani, akaondoka saa nne asubuhi kwenda kudai 22,000 zake. Saa sita hajarudi. Saa tisa hajarudi. Magharibi tukamwona anakuja taratibu, amebeba kitu kirefu kimefungwa gazeti.

Ilikuwa honi ya upepo ya Fiat.

"Hivi mlikuwa mnajua," akatuuliza, macho yanang'aa, "kwamba kule Kongwa vifaru vililima karanga?"

Breki za Bedford yetu zilikuwa za mafuta. Upepo wa kuipuliza honi ile haukuwepo popote isipokuwa kifuani mwa mjomba, na usiku ule aliipuliza mwenyewe, mara mbili, mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.