Mita 100 za Rwizi: kamba hupima upana, maji hutafuta mfereji

Mvua ikishika huko Mbarara, magharibi mwa Uganda, mto Rwizi hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na ubishi hurudi palepale: wanaolima kingoni waondolewe au waachwe? Kanuni za mwaka 2000 zinataka ziachwe mita 100 kila upande wa mito mikubwa iliyoorodheshwa, Rwizi ukiwamo, na mita 30 kwa mito mingine.

Wanaotaka watu waondoke wana hoja nzito. Mafunjo yakifyekwa ili kupanda mboga au kuchimba udongo wa matofali, hakuna tena kinachopunguza kasi ya maji yanayoshuka mlimani. Nao udongo hauingii mtoni mikono mitupu: hubeba fosforasi ya mbolea na vijidudu vya kinyesi. Kwenye mtambo wa kusafisha maji, shabu, dawa ya kugandisha tope, lazima iongezwe. Ikipungua, tope haligandi likatuama; ikizidi, maji huelekea utindikali na chokaa hutakiwa. Kipimo cha jana hakifai leo, kwa hiyo fundi hujaza vyombo kadhaa maji ya mto, kila kimoja na kiasi chake cha shabu, akakoroga na kutazama kipi kinatangulia kung'aa. Tope likibaki, klorini huishia kwenye uchafu huku vijidudu vimejificha ndani ya chembe.

Wakulima nao wana hesabu yao. Mita 100 pande zote mbili, kwa kilomita moja tu ya mto, ni hekta 20, karibu ekari 50. Shamba la ekari mbili lenye upana wa mita 80 kando ya maji linamezwa karibu lote. Aliyenyang'anywa hivyo bila fidia atahamia mlimani kulima mteremko, na udongo utashuka uleule, ila kutoka mbali zaidi.

Kwa maoni yetu, pande zote zimeng'ang'ania upana na kusahau njia ya maji. Ukanda wa nyasi kingoni huchuja tope pale tu maji yanapopita juu yake yakiwa yametandazika kama mkeka. Mtaro mmoja wa shamba au njia ya ng'ombe ikikata ukanda, maji yote hukimbilia humo, na mita 100 hazina kazi. Hata ukanda usiokatwa hujiharibu: tope hujikusanya ukingoni mwake upande wa shamba, hujenga tuta, maji hutembea kando ya tuta hadi yapate upenyo. Tuta hilo lisawazishwe kwa jembe baada ya kila msimu wa mvua. Mikaratusi, ambayo wengi huipanda wakidai wamerudisha miti, huacha ardhi karibu tupu chini yake, si kichujio.

Tungechagua mita 30 zenye nyasi nene kuliko 100 zenye mitaro, tena majani ya tembo yaliyopandwa nyuma ya ukanda, upande wa shamba, yakatwe kwa zamu kulisha ng'ombe wa zizini, mkulima apate sababu ya kuyalinda. Upungufu wake upo: naitreti, naitrojeni itokayo kwenye mbolea, huyeyuka na kupita chini ya udongo, nyasi fupi haziifikii, hapo ni mafunjo na miti ya asili yenye mizizi mirefu. Mashimo ya matofali hayana suluhu ya nyasi. Yafungwe. Ng'ombe nao wajengewe birika upande wa juu wa ukanda, wasishuke mtoni, kwa sababu njia moja ya kwato, ikipita kila siku, hugeuka korongo msimu wa pili.